Gia za taimingi: kwa nini alama hazirudi mahali pake baada ya krenki kuzungushwa mara mbili?

Mkulima wa Karatu

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba msaada wenu katika jambo ambalo limelisimamisha trekta letu wakati mvua zinakaribia na sehemu kubwa ya shamba bado haijalimwa.

Trekta ni Massey Ferguson lenye injini ya Perkins ya dizeli ya silinda nne, na limetutumikia kwa miaka mingi. Tulifungua kava ya mbele inayofunika gia za taimingi, yaani zinazopanga wakati wa valvu na pampu, ili kubadilisha bushi (pete ya ndani) ya gia ya kati, ambayo ilikuwa imelika kwa umri, na kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa wazi tukaona ni busara kubadilisha pia oili sili (ya kuzuia oili isivuje) ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kabla ya gia kutolewa, pistoni ya silinda ya kwanza ililetwa juu kabisa. Wakati wa kuzirudisha, fundi alilinganisha alama zote zilizochongwa kwenye meno: ile ya gia ya krenki na ya gia ya kati, ile ya gia ya kati na ya kemu (shafti inayofungua valvu), na ile ya gia ya kati na ya pampu ya dizeli. Nilikuwepo, na niliziona zikiwa zimekutana bila shaka yoyote.

Baada ya hapo fundi aliizungusha krenki kwa spana mara mbili kamili, taratibu, ili kuhakikisha kwamba hakuna kinachogonga. Hakuna kilichogonga, lakini pistoni ya kwanza iliporudi juu, alama za gia ya kati zilikuwa zimeachana na alama za gia nyingine zote. Tangu hapo mafundi wangu wawili hawakubaliani. Mmoja anasema gia zimeruka meno na lazima zifunguliwe na kupangwa upya. Mwingine anasema tufunge kava na tuwashe injini, kwa sababu alama zilikutana wakati wa kufunga, lakini hawezi kueleza kwa nini zimeachana.

Nimehesabu meno mwenyewe: gia ya krenki ina meno 28, gia ya kati ina 63, gia ya kemu ina 56 na gia ya pampu ina 56. Ninaomba mnieleze jinsi gia hizi zinavyofanya kazi, maana sitaki kuwasha injini kwa kubahatisha, na pia nijue ni hasara gani ingetokea iwapo kweli gia mojawapo ingekuwa imekosewa kwa jino moja.

Mwalimu wa Karakana, Morogoro

Ndugu Mkulima, kwa maelezo uliyotoa gia zako hazijaruka, na hakuna sababu ya kuzifungua tena. Hesabu ya meno uliyoileta ndiyo inayolimaliza jambo hili, nami nitaitumia hiyo hiyo.

Injini ya mipigo minne humaliza duru moja ya kazi katika mizunguko miwili ya krenki. Pistoni hushuka ikivuta hewa, hupanda ikiibana, hushuka tena ikisukumwa na dizeli inayowaka, kisha hupanda ikitoa moshi. Katika mipigo hiyo minne valvu ya kuingiza hewa inatakiwa kufunguka mara moja tu, valvu ya kutoa moshi mara moja tu, na nozeli inatakiwa kupuliza dizeli mara moja tu. Kwa kuwa kila nundu ya kemu hufungua valvu yake mara moja katika kila mzunguko wa kemu, ni lazima kemu izunguke mara moja katika muda ambao krenki inazunguka mara mbili, na pampu ya dizeli nayo vivyo hivyo. Ndiyo sababu gia ya krenki ina meno 28, huku gia za kemu na pampu zikiwa na meno 56, yaani mara mbili kamili. Unapolima krenki ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kemu iko kwenye mizunguko 1,000, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara 1,000 katika dakika hiyo moja.

Gia ya kati haibadilishi uwiano huo hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi hupotelea. Kila jino la krenki linalopita husogeza jino moja la gia ya kati, na gia ya kati ikisogea jino moja, kemu nayo husogea jino moja. Hata gia ya kati ingekuwa na meno 40 au 90, kemu ingeendelea kupokea kutoka kwa krenki idadi ile ile ya meno. Kazi ya gia hiyo ni kuufikisha mwendo mahali ambapo gia ya krenki isingefika bila kufanywa kubwa kupita kiasi, na kuugawa mwendo huo kwa kemu na pampu kwa wakati mmoja. Pia huifanya kemu izunguke upande ule ule wa krenki, kwa maana gia mbili zinazoumana moja kwa moja daima huzunguka kinyume.

Sasa tazama kilichotokea fundi wako alipozungusha mara mbili. Meno yaliyopita ni 28 mara mbili, yaani 56. Kemu imemaliza mzunguko mmoja kamili, na alama yake imerudi ilipokuwa. Pampu imemaliza mzunguko mmoja kamili, na alama yake imerudi. Krenki imerudi. Gia ya kati peke yake ndiyo haijafika, kwa sababu ili imalize mzunguko mmoja inahitaji meno 63, nayo imepata 56. Imepungukiwa meno saba. Nenda ukahesabu: ukiirudisha injini pale ilipokuwa baada ya mizunguko ile miwili, utakuta alama za gia ya kati zimeachana na mwenzake kwa meno saba kila mahali, na alama za gia nyingine tatu zinaelekea pale pale zilipokuwa wakati wa kufunga. Ukikuta sita au nane mahali popote, basi hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Ukitaka kuziona zote zikikutana tena, itakubidi uzungushe krenki mara 18. Meno yatakayopita ni 504, ambayo ni mizunguko minane kamili ya gia ya kati na mizunguko tisa kamili ya kemu na pampu. Usikatishwe tamaa katikati, hasa ukifika mzunguko wa tisa. Hapo gia ya kati itakuwa imezunguka mara nne kamili na alama yake na ya krenki zitakutana vizuri, ilhali kemu itakuwa imezunguka mara nne na nusu, hivyo alama yake itakuwa upande wa pili kabisa. Fundi anayesimama hapo bila hesabu ataamini kwamba kemu imekosewa nusu mzunguko, na ataivunja kazi iliyo sahihi.

Hata hivyo nisingependa imani yako yote ibaki kwenye alama. Alama huonyesha gia moja imekaaje kwa gia nyingine. Hazionyeshi gia imekaaje kwenye shafti yake. Ufunguo wa gia ya krenki, yaani kile kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti, ukiwa umelika, au gia ya kemu ikiwa imefungwa vibaya, alama zitakutana vizuri huku valvu zikifunguka wakati usio wake. Kwa hiyo funua kava ya valvu na uangalie roka, ile mikono midogo inayozisukuma valvu. Lete pistoni ya kwanza juu kabisa ikiwa kwenye mpigo wa kubana. Valvu zote mbili za silinda ya kwanza zinatakiwa kuwa zimefungwa na roka zake ziwe na nafasi ya kuchezacheza. Wakati huo huo valvu za silinda ya nne zinatakiwa kuwa katika kupokezana: ya kutoa moshi inamalizia kufungwa, na ya kuingiza hewa inaanza kufunguka. Ukiisogeza krenki kidogo mbele na kidogo nyuma utaona roka moja ya silinda ya nne inapanda na nyingine inashuka. Zungusha mara moja kamili, na silinda hizo mbili zitabadilishana hali. Hii ni kwa sababu katika injini ya silinda nne pistoni ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, zikiwa zimetofautiana duru nusu. Mwenye trekta la silinda tatu asiutumie ukaguzi huu kama ulivyo, kwa kuwa pistoni zake zimepishana nyuzi 240 za krenki na hakuna mbili zinazofika juu kwa pamoja.

Fundi wa Land Cruiser, Dodoma

Ninaheshimu maelezo ya Mwalimu, lakini ninaona hatari katika kumwambia mtu kwamba alama zisipokutana hakuna tatizo. Ninafanya kazi zaidi na Toyota, hasa injini za 1HZ za Land Cruiser na 2L na 3L za Hilux, na utaratibu tuliofundishwa hauna mjadala: funga, zungusha krenki mara mbili kwa mkono, kisha angalia alama. Zisiporudi, hakuna kuwasha. Utaratibu huu umeokoa valvu nyingi, na fundi wa ndugu Mkulima anayetaka kufungua tena anafuata utaratibu huo huo. Kwa nini Perkins iwe tofauti?

Mwalimu wa Karakana, Morogoro

Fundi, utaratibu wako ni sahihi kwa injini ulizozitaja, na ninauunga mkono kikamilifu. Tofauti inatokana na kitu ambacho alama inalinganishwa nacho.

Katika 1HZ na 2L kemu inaendeshwa kwa mkanda wenye meno. Alama ya puli ya kemu inasomwa dhidi ya alama iliyochongwa kwenye mwili wa injini, na alama ya krenki vivyo hivyo. Mwili wa injini hausogei, na kwa kuwa kemu huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili, baada ya mizunguko miwili kila alama lazima irudi mbele ya mwenzake. Isiporudi, mkanda umeruka. Lakini mikanda mingine huja na mistari iliyochorwa juu ya mkanda wenyewe kwa ajili ya kurahisisha ufungaji, na mistari hiyo hairudi baada ya mizunguko miwili, kwa sababu idadi ya meno ya mkanda ni nyingine. Hakuna fundi wa Toyota anayeshtuka akiona hivyo. Gia ya kati ya Perkins iko katika hali ya mistari ile: ni kiungo cha katikati kinachozunguka kwa hesabu yake, na alama zilizo juu yake zina kazi siku ya kufunga tu.

Kwa hiyo kanuni ya mizunguko miwili inaweza kutumika hata kwenye trekta hili, ilimradi alama za kemu na pampu zilinganishwe na kitu kisichosogea. Kabla hujazungusha, weka alama ya rangi kwenye jino la kemu na nyingine kwenye ukingo wa nyumba ya gia mbele yake, na ufanye hivyo hivyo kwa pampu na krenki. Baada ya mizunguko miwili zote tatu zitarudi. Ninawashauri mafundi vijana wote wafanye hivi, kwa sababu rangi kidogo humaliza ubishi ambao ungeweza kuchukua siku nzima.

Niongeze jambo moja kwa wale ambao wameuliza mahali pengine kwa nini injini zote zisitumie gia, ambazo hazikatiki kama mkanda. Katika injini ya Perkins ya aina hii kemu imelala ndani ya bloku, karibu na krenki, na hufungua valvu kwa kupitia tapeti, pushirodi na roka. Umbali ni mfupi, na gia moja ya kati inatosha. Kemu ikipelekwa juu ya silinda hedi, kama ilivyo katika 1HZ, umbali unakuwa mrefu, na gia zingehitajika kadhaa, kila moja na bushi yake, uzito wake na kelele zake. Watengenezaji wa magari madogo walichagua mkanda au cheni kwa ajili ya wepesi, ukimya na gharama. Injini ya Toyota ya 1KZ ilifuata njia ya kati, gia zikiendesha pampu na mkanda mfupi ukipanda kutoka hapo hadi kwenye kemu. Watengenezaji wa malori makubwa hawakuogopa uzito: katika injini kadhaa za Volvo kemu iko juu na inaendeshwa kwa mfululizo wa gia uliowekwa nyuma, upande wa flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki), ambako krenki haisukiki sana kwa mapigo ya pistoni.

Na si kila injini ya dizeli ina uwiano wa mbili kwa moja. Injini za Detroit Diesel za mipigo miwili, ambazo zilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, zina valvu za kutoa moshi zinazofunguka katika kila mzunguko wa krenki, hivyo kemu yake huzunguka kwa kasi ile ile ya krenki. Idadi ya meno hufuata idadi ya mipigo.

Pampu na Nozeli, Eldoret

Mwalimu amelieleza vizuri suala la alama. Ndugu Mkulima aliuliza pia kuhusu hasara ya jino moja, na hilo linanigusa kwa sababu matrekta yaliyofungwa kwa namna hiyo huletwa kwetu yakidaiwa kuwa na pampu mbovu.

Gia ya krenki ina meno 28, na mzunguko mzima una nyuzi 360, kwa hiyo jino moja ni karibu nyuzi 13 za krenki. Jino moja kwenye gia ya kemu au ya pampu linaonekana dogo zaidi, kama nyuzi sita na nusu, lakini kwa kuwa gia hizo huzunguka kwa nusu ya kasi, kosa linalofika kwenye pistoni ni lile lile la nyuzi 13.

Tuanze na kosa likiwa kwenye kemu. Katika injini za aina hii valvu ya kuingiza hewa huanza kufunguka nyuzi kumi na kitu kabla ya pistoni kufika juu, na ile ya kutoa moshi hufungwa nyuzi kama kumi baada ya hapo, hivyo kwa muda mfupi zote mbili zimefunguka kidogo wakati pistoni iko juu kabisa. Dizeli hubana hewa kwa uwiano wa 16 kwa 1 au zaidi, na kwa ajili hiyo nafasi inayobaki kati ya pistoni na hedi ni ya milimita moja au karibu na hapo. Kemu ikitangulia kwa nyuzi 13, valvu ya kuingiza hewa itakuwa imeshuka zaidi ya inavyotakiwa pistoni inapofika juu. Ikichelewa, ni ile ya kutoa moshi ambayo itakuwa bado haijapanda. Kwa vyovyote vile pistoni inaweza kuikuta valvu njiani. Wakati mwingine nafasi inatosha kwa wembamba na hakuna kinachogongana, lakini kemu iliyochelewa huchelewesha pia kufungwa kwa valvu ya hewa, sehemu ya hewa inarudishwa nje pistoni inapopanda, mbano unapungua, na asubuhi za baridi za huko kwenu Karatu injini itasumbua kuwaka.

Kosa likiwa kwenye pampu, valvu zitakuwa salama lakini dizeli itapulizwa wakati usiofaa. Ikitangulia kwa nyuzi 13 utasikia mlio mkali wa kugonga, joto na mgandamizo vitapanda kupita kiasi, na pistoni na gasketi ya hedi ndizo zitakazoumia. Ikichelewa, injini itawaka kwa shida, itatoa moshi mweupe wenye kuwasha macho, na haitakuwa na nguvu shambani. Katika hali hiyo watu huanza kulegeza nati za pampu na kuizungusha kwenye mashimo yake marefu ili kutafuta mahali ambapo injini itatulia. Mashimo hayo yamewekwa kwa ajili ya kurekebisha nyuzi chache tu. Hayawezi kufidia jino zima, na mwisho wake ni pampu iliyopoteza mpangilio wake na gia ambayo bado imekosewa. Kwa hiyo kabla ya kuigusa pampu angalia mstari uliochongwa kwenye ubavu wake na mstari ulio kwenye nyumba ya gia. Kama mistari hiyo imekutana na mpangilio wa meno ni sahihi, pampu iachwe ilivyo.

Ombi langu kwako ni moja: zifungue nozeli zote kabla hujaizungusha injini mizunguko mingi. Bila mbano utaizungusha kwa mkono mmoja, na utahisi mara moja kitu chochote kigumu kinachogusa mahali pasipotakiwa. Ukihisi hivyo simama hapo hapo, usilazimishe kwa spana ndefu, na kamwe usitumie stata kwa ukaguzi. Stata haihisi chochote, nayo ina nguvu ya kutosha kupinda pushirodi na valvu.

Mkulima wa Karatu

Ninawashukuru sana nyote. Tumefanya kama mlivyoelekeza. Baada ya mizunguko miwili tulihesabu meno saba kati ya alama za gia ya kati na za wenzake, pande zote tatu. Tukapaka rangi kwenye kemu, pampu na krenki, tukatoa nozeli, na tukaendelea kuzungusha huku fundi akihesabu kwa sauti. Kwenye mzunguko wa tisa ikawa kama alivyosema Mwalimu, krenki na gia ya kati zimekutana na kemu iko upande wa pili, na kwenye mzunguko wa 18 alama zote zikakutana kwa pamoja. Fundi aliyetaka kufungua amenyamaza na kuchukua karatasi, akaiandika hesabu yote. Valvu za silinda ya kwanza na ya nne nazo zimepokezana sawasawa.

Kabla ya kufunga kava ninaomba ushauri mmoja zaidi. Bushi ya gia ya kati ni mpya, lakini gia zenyewe ni za zamani. Nikishika gia ya kemu na kuitikisa, kuna mchezo mdogo kati ya meno yake na ya gia ya kati. Mchezo huo ni wa kawaida, au gia zimekwisha? Zamani injini ilikuwa na mlio wa kukwaruza upande wa mbele ikiwa kwenye mwendo wa chini.

Mwalimu wa Karakana, Morogoro

Mchezo mdogo lazima uwepo. Gia zikiumana bila nafasi yoyote, joto likipanda na chuma kikitanuka meno yatabanana, mafuta hayatapata pa kupita, na gia zitalia na kulika haraka. Kinachotakiwa ni kuupima mchezo huo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na si kuukadiria kwa mkono. Katika injini za ukubwa huu kipimo kinachokubalika ni sehemu ndogo ya milimita, kwa kawaida kuanzia 0.08 na kuendelea kidogo. Kiwango cha juu kabisa kitafute kwenye kitabu cha injini yako, kwa kutumia namba iliyochongwa kwenye bloku. Pima mahali kadhaa huku ukiizungusha injini, kwa maana gia hailiki sawasawa mzunguko mzima. Ukipata 0.10 mahali pamoja na kipimo kikubwa zaidi mahali pengine, tazama meno ya sehemu hiyo kwa tochi. Meno yenye vishimo, yaliyochongoka ncha, au yaliyong'aa upande mmoja tu, yanaashiria kwamba gia hiyo inakaribia mwisho wake.

Wabunifu wa gia hizi wameupangilia hata ulikaji. Kwa meno 28 na 63, jino lolote la krenki haliumani na jino lile lile la gia ya kati kila mara, bali hupokezana na meno tisa tofauti kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Jino moja likiwa na kasoro, madhara yake husambaa badala ya kuchimba mahali pamoja. Hesabu ile ile iliyowafanya mafundi wako wabishane ndiyo inayozirefushia gia zako maisha. Kwa sababu hiyo, ukilazimika kubadilisha gia moja kwa sababu ya meno mabaya, ni afadhali kuzibadilisha zote zinazoumana nayo, la sivyo gia mpya itachongwa na makosa ya ile ya zamani.

Kuhusu mlio wa zamani, ninaamini chanzo kilikuwa ile bushi iliyolika. Meno ya gia hizi yamekatwa kwa mshazari ili yaumane pole pole na kwa ukimya, lakini mshazari huo una gharama yake: kila jino linaposukuma lingine, huisukuma gia pia kuelekea mbele au nyuma kwenye shafti yake. Bushi ikilegea, gia ya kati huinama kidogo na kuyumba, na mlio husikika zaidi kwenye mwendo wa chini kwa sababu hapo krenki huzunguka kwa kushtuka, ikiongeza kasi kila silinda inapowaka na kuipunguza kila silinda nyingine inapobana. Kwa hiyo pima pia ni kiasi gani gia ya kati inasogea mbele na nyuma kwenye kitovu chake, na uitazame sahani inayoizuia kemu isitoke mbele.

Mzee wa Gereji, Mombasa

Niongeze jambo ambalo halijatajwa, nalo ni mafuta ya kulainisha. Gia ya kati hupata mafuta kupitia tundu lililo kwenye kitovu chake, linalopokea kutoka kwenye njia ya mafuta ya bloku. Bushi mpya ikifungwa huku tundu lake likiwa halijalingana na lile la kitovu, au likiwa limezibwa na gasketi iliyokatwa kwa mkono au gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi, gia itazunguka kavu na bushi hiyo haitafika mbali. Kabla ya kufunga kava, mwagia gia zote mafuta safi, kisha mwombe fundi azungushe injini kwa stata nozeli zikiwa bado nje na dizeli ikiwa imezimwa, mpaka uyaone mafuta yakichuruzika kwenye gia ya kati. Hapa stata inafaa, kwa kuwa ukaguzi wa meno na valvu umekwisha kufanyika kwa mkono.

Bolti za kitovu cha gia ya kati zifungwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha kitabu, na vibati vya kuzifungia viwe vipya, si vya zamani vilivyonyooshwa kwa nyundo. Bolti moja ikilegea ndani ya nyumba ile huanguka kati ya meno, na gia zote huvunjika kwa wakati mmoja. Mwisho kabisa, oili sili ya krenki iingizwe kava ikiwa imewekwa katikati sawasawa na shafti kabla ya bolti zake kukazwa, vinginevyo itavuja tena na mtalazimika kuifungua sehemu yote hii kabla ya mavuno.

Mkulima wa Karatu

Nimepokea, Mzee. Bolti bado hazijakazwa, hivyo tutaanza na tundu la mafuta asubuhi, na vibati vipya nimeviagiza kutoka Arusha pamoja na fila geji. Kipimo cha mchezo wa meno nitakileta hapa hapa, nikitaja mahali tulipopima kwenye kila gia, ili Mwalimu atuambie kama gia ya kemu inafaa kuendelea msimu huu.